MAJI YA CHUMVI, SEHEMU YA 3: Vioo vya Jangwani

Juzi mmoja wenu kaniuliza: "Nesi, maji ya kisima chetu yana chumvi, nikiyachemsha sana si yatamfaa mtoto?" Hapana, mpenzi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi inabaki sufuriani, na maji yakipungua ndiyo inazidi. Floraidi nayo hivyo hivyo, ile inayowaacha watoto wa Arusha na Meru na meno ya kahawia. Dawa yake ni kuukamata mvuke. Na watu walishafanya hivyo kwa jua tupu, bila kuni.

Mwaka 1872, jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile. Mvua huko ni ya kusimuliwa tu. Pale Las Salinas palikuwa na machimbo, na maji ya ardhini yalikuwa na chumvi kuliko bahari. Wachimbaji wanataka kunywa, nyumbu wanataka kunywa. Injinia Charles Wilson akajenga masanduku ya mbao mapana, kina kifupi, chini meusi ili yashike joto, juu vioo vimeinama kama paa. Jua linapiga, mvuke unapanda, unagusa kioo, unakuwa matone, yanateleza hadi kwenye mfereji. Chumvi inabaki chini. Funua sufuria ya wali uangalie mfuniko, ni kitu kile kile.

Vioo vilifunika karibu mita za mraba 4,700 na kutoa kama lita 22,000 kwa siku. Mtambo ulidumu miaka karibu 40!

Ila tupige hesabu, maana mitandaoni wanatudanganya. Hapo ni chini ya lita 5 kwa mita moja ya mraba, tena kwa jua la jangwani. Kioo cha ukubwa wa kitanda cha sita kwa sita kingekupa lita 15 hivi. Familia nzima haiogi hapo.

Kwenye Vita vya Pili, Maria Telkes, mzaliwa wa Budapest, akabuni wa plastiki unaoelea, kwa waliokwama baharini. Mdogo, wa kunywa tu.

Sasa wewe mama wa kisima, mwanao ana miezi saba, maji anayokunywa ni kidogo. Sanduku la mita moja litamtosha. Ndani usipake rangi ya ukutani, na chombo cha kupokelea kioshwe kila siku. Kesho vipimo. Tafuta kioo cha dirisha kisicho na ufa.