Lugha Iliyofundisha Mashine Kuruhusu na Kukataza

Aliyekuwa na simu ya mkononi katika miaka ya 2000 huenda anakumbuka mlio wa majaribio: unalia mara chache, kisha simu inagoma na kukutaka ununue. Ndani ya faili la mlio ule kulikuwa na maagizo mafupi yaliyoandikwa kwa lugha maalumu, nayo simu iliyasoma na kuyatii. Nimeifuata lugha hiyo hadi chimbuko lake, kwa sababu ugomvi ulioizunguka unawahusu wote wanaoishi kwa kazi ya akili zao.

Nyayo za kwanza ziko Palo Alto, California, katika maabara ya kampuni ya Xerox. Katikati ya miaka ya 1990, mtafiti wake Mark Stefik alitafakari mwandishi atalipwa vipi kitabu kikishakuwa faili ambalo yeyote anaweza kulinakili. Akabuni lugha ya kompyuta, DPRL, ya kueleza nani afanye nini na kazi ipi, kwa malipo gani na mpaka lini. Lilikuwa wazo la kijasiri. Hadi hapo hakimiliki ilikuwa maneno ya ukurasa wa mwanzo, yakisubiri msomaji mwenye kuyaheshimu.

Wakutubi nao walikuwa na njia yao. Machi 1995 walikutana na wataalamu wa kompyuta huko Dublin, Ohio, na kuanzisha mpangilio wa metadata, yaani maelezo kuhusu kazi yenyewe, unaoitwa Dublin Core. Kati ya vipengele 15 vilivyokuja kukubaliwa, kimoja ni cha haki. Unaweza kuandika humo sentensi yoyote, na binadamu ataielewa; mashine itaihifadhi tu.

Mwaka 2000 njia ya lugha za haki iligawanyika. Xerox, kwa mtaji wa Microsoft, iliunda kampuni ya ContentGuard, na DPRL ikageuzwa kuwa XrML, lugha iliyozungushiwa hataza. Mwaka huohuo, nchini Australia, mtaalamu Renato Iannella alianza kuandika ODRL, lugha ya wazi isiyodai ada. Muundo wake ni rahisi kuufuata: kuna ruhusa, kwa mfano kucheza wimbo, kuna sharti, kwamba ni mara tano tu, na kuna wajibu, kwamba ulipe kwanza. Toleo la baadaye likaongeza katazo kama kanuni inayosimama peke yake.

XrML ilipata heshima rasmi: mwaka 2004 ikawa msingi wa lugha ya haki katika kiwango cha kimataifa cha MPEG-21. Lakini watengeneza simu na mitandao, kupitia muungano wao wa OMA, walichagua ODRL. Ndiyo iliyokuwa ikihesabu milio ya majaribio.

Januari 2005 ankara ikaja. Wenye hataza, ContentGuard, Sony na Philips wakiwemo, walitangaza kupitia wakala wao MPEG LA kwamba kila simu yenye mfumo wa OMA ilipiwe dola moja, na kila mauzo ya muziki au picha yakatwe asilimia moja. Yaani hata aliyechagua lugha ya bure alidaiwa kwa kitendo chenyewe cha kuiambia mashine haki zake. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilikataa, na kwangu kilikuwa na haki ya kukataa. Mwandishi hapaswi kumlipa mtu ili aseme kazi hii ni yangu.

ODRL haikufa. Februari 2018 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, liliipitisha kuwa pendekezo lake rasmi. Juu yake imejengwa RightsML, inayowawezesha watoa habari kuandika ndani ya picha au makala itumike nchi gani na mpaka tarehe ipi.

Hata hivyo kiwango hakijazi nafasi iliyoachwa wazi, na mitandao mingi ya kijamii huondoa metadata picha inapopakiwa. Kwa hiyo, mpiga picha wa harusi, mtunzi wa nyimbo, mwandishi wa habari: kabla hujatuma kazi, fungua sehemu ya maelezo ya faili, andika jina lako, mwaka na masharti yako. Kisha tunza nakala ya asili yenye maelezo hayo.