Hulka ya kimabavu

Hulka ya kimabavu ni istilahi ya saikolojia inayotaja mwelekeo wa mtu kutii wenye mamlaka bila kuhoji, kushikilia sana desturi za jamii yake na kuwa mkali kwa wale anaowaona wanazivunja. Haimhusu dikteta peke yake, bali hasa wafuasi wanaomwezesha kutawala.

Historia

Utafiti huo ulitokana na swali zito: kwa nini watu wengi wa kawaida nchini Ujerumani waliunga mkono utawala wa Adolf Hitler (1933-1945)? Mwaka 1950 Theodor Adorno, Else Frenkel-Brunswik, Daniel Levinson na Nevitt Sanford walichapisha nchini Marekani kitabu "The Authoritarian Personality". Walidai kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali huficha hasira dhidi ya wazazi, kisha ukubwani huielekeza kwa wanyonge. Walitunga pia dodoso liitwalo kipimo F, yaani cha ufashisti.

Kipimo hicho kilikosolewa kwa sababu kauli zake zilielekea upande mmoja, hivyo mtu aliyezoea kuitikia "ndiyo" alipata alama za juu. Bob Altemeyer wa Kanada, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alitumia kauli za pande zote mbili.

Maelezo ya mageuko

Baadhi ya wanasaikolojia hueleza kwamba, wakati wa hatari, kundi lililoungana nyuma ya kiongozi liliweza kujilinda vizuri zaidi. Hata hivyo, mwanaanthropolojia Christopher Boehm (1999) alionyesha upande wa pili: wawindaji-wakusanyaji wengi humdhibiti anayejikweza kwa kumcheka, kumpuuza au kumhama. Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, hutajwa mara nyingi kama mfano wa jamii isiyo na machifu. Kwa mtazamo huo, binadamu amerithi uwezo wa kutii na uwezo wa kupinga pia.

Hulka na mazingira

Karen Stenner (2005) alieleza kwamba mwelekeo huo hujitokeza zaidi mtu anapohisi umoja wa jamii yake unatishiwa. Ndiyo maana kiongozi anayetaka madaraka yasiyo na mipaka hunufaika kwa kueneza hofu.

Hata hivyo, hulka pekee haielezi kuzuka kwa udikteta. Vita, hali ya uchumi, propaganda na udhaifu wa mahakama na bunge huchangia pia.