Huzuni ya Mwenye Kisukari

Msomaji, ukifungua kitabu kisimuliacho habari za uvumbuzi wa dawa, aghalabu utaikuta hadithi ya kijana Leonard Thompson. Kijana huyu, mwenye umri wa miaka 14, alilazwa katika hospitali kuu ya Toronto, nchini Kanada, akiwa amekonda hata uzito wake ulikuwa kama kilo 29 tu. Tarehe 11 Januari 1922 alidungwa sindano ya kwanza ya insulini. Haikumfaa sana, kwa kuwa dawa ile ilikuwa bado na taka. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 ya mwezi uo huo kijana akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikaanza kumrudia. Mwaka 1923 Frederick Banting na J. J. R. Macleod wakatunukiwa Tuzo ya Nobel, na hapo vitabu vingi hukoma, kama ngano ikomavyo penye arusi.

Lakini wewe nami twajua kwamba baada ya arusi kuna maisha. Mtu aliyeokolewa na sindano leo hana budi kudungwa kesho, na kesho kutwa, na mwaka ujao, mpaka mwisho wa siku zake. Kila tonge alalo lina hesabu yake. Nataka basi nikueleze sehemu ya hadithi ambayo vitabu huiruka, nayo ni habari ya moyo wa mgonjwa.

Kwamba huzuni na kisukari ni majirani si wazo geni. Mganga Mwingereza Thomas Willis, aliyeishi kati ya 1621 na 1675, aliwaeleza madaktari wa Ulaya kwamba mkojo wa wagonjwa hawa ni mtamu kana kwamba umetiwa asali. (Waganga wa Bara Hindi walilijua jambo hilo karne nyingi kabla yake, wala hatuna sababu ya kuwanyima haki yao.) Willis huyo huyo alifundisha kwamba majonzi ya muda mrefu ni chanzo kimojawapo cha maradhi haya. Je, alikosea? Kwa sehemu, naam. Leo twajua kwamba kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inapoziharibu chembe za kongosho zitengenezazo insulini. Na cha aina ya pili hutokea mwili unaposhindwa kuitumia insulini ipasavyo, hata kongosho likalemewa. Majonzi peke yake hayamtii mtu kisukari. Hata hivyo wachunguzi wa siku zetu wameona kwamba watu wenye sonona huelekea zaidi kupata kisukari cha aina ya pili, na wenye kisukari nao huelekea zaidi kupata sonona. Njia ni moja, na watu huipita pande zote mbili.

Nisemapo sonona, sisemi huzuni ya kufiwa wala ya kushindwa mtihani, ambayo humpata kila binadamu ikapita. Nasema ule mzigo ukaao moyoni majuma mawili na zaidi, ukamwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula, furaha ya mambo aliyoyapenda, na hata tumaini.

Sasa tazama mfano wa binti mmoja. Elizabeth Hughes alikuwa mtoto wa Charles Evans Hughes, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani. Alipatwa na kisukari mwaka 1919, akiwa na miaka 11. Siku zile daktari hodari kuliko wengine, Frederick Allen, hakuwa na dawa ila njaa: mgonjwa alipewa chakula kidogo mno ili sukari isizidi, akaishi kwa kukonda. Elizabeth alipofikishwa kwa Banting mwezi wa Agosti 1922, uzito wake ulikuwa kama kilo 20. Insulini ikamwinua. Akasoma chuo kikuu, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka 1981 baada ya kudungwa sindano zipatazo 42,000.

Twaweza kusema huo ni ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini bibi huyu aliuficha ugonjwa wake karibu maisha yake yote. Watu wengi waliomjua hawakujua, na habari za ugonjwa wake akaziondoa katika karatasi za baba yake. Mimi simlaumu. Nauliza tu: ni kitu gani kilichomfanya mtu aliyeponea chupuchupu aone haya kwa kupona kwake?

Swali hilo lina jina na sura kwangu. Miaka michache iliyopita, katika chuo cha ualimu nifundishapo, alikuwako mwanachuo mmoja wa kike aliyechelewa kila asubuhi na kusinzia darasani. Nilimkemea mbele ya wenzake, nikamwita mvivu. Siku moja akaanguka. Muuguzi alipokwenda bwenini alikuta chini ya kitanda chungu chenye mchanga uliotiwa maji, na ndani yake chupa za insulini zikihifadhiwa baridi, nyingine hazijafunguliwa. Nilimwendea hospitalini nikiwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwonya, kwa maana mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini hufa. Akanitangulia. “Mwalimu,” akasema, “si kwamba nilisahau. Nimechoka.” Maneno yangu yote yakaisha.

Kumbe wako waliokwisha kuitafuta njia nyingine, tofauti na ile ya kujificha. Daktari R. D. Lawrence wa London aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1920. Alijua maana yake. Akaenda kukaa Florence, nchini Italia, ili asife machoni pa jamaa zake. Mwaka 1923 mwenzake akampelekea habari kwa simu ya maandishi kwamba insulini imepatikana, tena yafaa, naye arudi upesi. Akaendesha motokaa, mgonjwa vile vile, akaikata Ulaya mpaka London, akapona kifo. Aliishi hata 1968. Lakini jambo ninalotaka ulishike ni lile la mwaka 1934, ambapo yeye na mwandishi H. G. Wells, aliyekuwa mgonjwa wake, walianzisha chama cha watu wenye kisukari. Mgonjwa sasa aliweza kukutana na mgonjwa mwenzake, nacho chama hicho kingali kipo Uingereza, kwa jina la Diabetes UK.

Elimu ya madaktari ilikwenda polepole kuliko hapo. Katika miaka ya 1930 na 1940 baadhi ya madaktari wa akili waliitafuta “tabia ya mwenye kisukari,” kana kwamba ugonjwa ulitokana na ila ya mgonjwa mwenyewe. Tabia hiyo haikuonekana. Nadhani kosa lao lilifanana na langu: walimtazama mgonjwa kabla ya kuutazama mzigo wake. Mwaka 1995 wataalamu wa Boston walitoa orodha ya maswali ya kumwuliza mgonjwa ni mambo gani ya kisukari yanayomsumbua moyo, kama vile hofu ya siku za mbele, kujilaumu, au kujiona yu peke yake. Na mwaka 2001 watafiti waliokusanya chunguzi 42 walikuta kwamba kuwa na kisukari huongeza uelekeo wa sonona kama mara mbili.

Je, mazungumzo yaweza kuitibu? Daktari Patrick Lustman na wenzake, katika mji wa St. Louis, Marekani, walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 51 wenye kisukari cha aina ya pili na sonona, wakatangaza matokeo mwaka 1998. Wote walifundishwa habari za kisukari. Nusu wakaongezewa tiba ya mazungumzo kwa majuma 10. Katika tiba hiyo mgonjwa hujifunza kulikamata wazo kama “mimi nimekwisha,” akalipima kama ni kweli, akarudia kidogo kidogo shughuli alizozipenda, akaligawa tatizo kubwa vipande. Mwishowe, katika waliopewa mazungumzo, asilimia 85 waliondokewa na sonona. Katika wengine, asilimia 27 tu. Ajabu ni kwamba siku ile sukari ya damu haikuwa na tofauti. Tofauti ilionekana baada ya miezi sita, waliozungumza wakiwa na sukari nzuri zaidi. Moyo ulitangulia, mwili ukafuata.

Huenda ukasema: hayo ni ya Marekani, kwetu madaktari wa akili ni wachache. Ni kweli. Lakini jijini Harare, nchini Zimbabwe, mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa katika benchi la mbao nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanzia. Jaribio lililofanywa katika zahanati 24 za jiji hilo na kutangazwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa katika mabenchi hayo walipungukiwa sana na sonona kuliko wenzao. Benchi halikuwekwa kwa ajili ya kisukari hasa, bali lilimpokea kila aliyelemewa na mawazo.

Sisi hatukuwa na benchi wala bibi aliyefundishwa. Muuguzi wetu aliwakusanya tu wenye kisukari wa mtaani, kila Ijumaa alasiri, chini ya mwembe ulio karibu na zahanati, naye akamsihi yule mwanachuo aje. Mara ya kwanza alikaa kando, asiseme neno. Mara ya pili aliondoka mapema. Mara ya tatu mzee mmoja, ambaye macho yake yamefifia, alimnyoshea kipimo chake cha sukari akamwambia, “Mjukuu wangu, hebu nisomee.” Akamsomea. Kisha akatoa chake mfukoni, akajipima mbele ya watu.