Kumi na Mbili

Ukisema "poka" hapa Kerugoya, kuna uwezekano mkubwa utagawiwa karata nne na mchezo uanze bila mtu kuuliza habari ya pesa. Hiyo ndiyo poka tuliyokulia. Mbili inamlisha jirani karata mbili, tatu inamlisha tatu, jeki inamruka mtu, na kabla ya kumaliza lazima utangaze "niko kadi". Usipotangaza, umeumia. Ni mchezo mtamu, lakini kuna kitu hauna: huwezi kutazama ulichogawiwa, ukaona ni takataka, ukakiweka chini na kungoja mgao ujao. Umepewa, utacheza.

Na si sisi tulioanza. Neno karata ni la Wareno, waliofika Mombasa 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus 1593 na kufurushwa humo 1698. Kopa, shupaza, uru, pau, turufu, yote ni yao: copas, espadas, ouros, paus, trunfo. Mreno alienda, turufu ikabaki, na leo kila mwanasiasa wa mlimani anadai anayo mkononi. Michezo ya turufu nayo iko vivyo hivyo. Unacheza ulichopewa, hakuna kujitoa.

Poka ya Wamarekani, ile inayoitwa Texas Hold'em, imejengwa juu ya kujitoa. Bunge la Texas lilitambua 2007 kwamba mchezo huo ulizaliwa Robstown, mji mdogo tu, mwanzoni mwa karne ya 20. Ulifika Las Vegas 1963, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukawa na mashindano yake ya dunia. Unapewa karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Zile mbili zinaweza kuja kwa njia 1,326. Mbivu ni chache, na mbovu kabisa kila mtu anazijua. Shida ni zile za katikati, kama malkia na saba, au tisa na nane. Hizo ndizo zinazokula pesa za watu.

David Sklansky alikuwa kati ya wa kwanza kuliandikia swali hilo kitabu, 1976. Alizipanga karata za kuanzia katika makundi, kisha akasema jambo ambalo bado wengi hawalitaki: karata ya katikati haina bei yake yenyewe. Bei inatoka kwa kiti ulichokalia, waliobaki nyuma yako, na pesa unayoombwa kuongeza.

Wacha nilete mezani kwetu. Jumapili jioni tunacheza watu saba, nyumbani kwa jamaa mmoja, pesa za lazima zikiwa bob 10 na bob 20. Tuseme niko kwenye kiti cha bob 10, wawili wametupa, watatu wameweka 20 kila mmoja. Pamoja na zile za lazima kuna 90 katikati, na mimi nadaiwa 10 tu. Nikishinda mara moja kati ya kumi sijapoteza kitu, kwa hivyo nane na saba za aina moja naingia nazo bila kufikiria sana. Sasa turudishe mkono nyuma: mtu mmoja amepandisha hadi 100, wengine wote wametupa. Katikati kuna 130, nadaiwa 90. Karata ni ileile nane na saba, lakini sasa nahitaji kushinda karibu mara nne katika kila kumi, dhidi ya mtu aliyeonyesha ana kitu. Natupa. Makala ya maneno 500 hunilipa bob 400, kwa hivyo hizo 90 ni maneno mia na kitu, niliyoyaandika na kuyafuta na kuyaandika tena.

Kwenye hiyo meza kuna jamaa ambaye akishika kumi na mbili hatupi kamwe. Si 12, ni karata ya kumi na karata ya mbili. "Hii ni ya Brunson, bana," anasema, na pesa inaingia.

Hadithi anayoitegemea ni ya kweli kabisa. Doyle Brunson alishinda mashindano ya dunia 1976 na 1977, na mkono wa mwisho miaka yote miwili ulikuwa kumi na mbili. Mara ya kwanza Jesse Alto alikuwa na ree na jeki, na mezani zikafunuka ree, jeki na kumi. Ikaja mbili. Hapo ni karata nne tu kati ya 44 zilizobaki ambazo zingemwokoa Brunson, na ikatoka kumi. Mwaka uliofuata, dhidi ya Gary Berland, mbili na kumi zikatoka mwishoni kwa mpangilio uleule. Halafu 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyeingia kupitia intaneti kwa chini ya dola 100, akamaliza kazi kwa tano na nne na kwenda nyumbani na dola milioni 2.5.

Ukisikia hizo tatu moja baada ya nyingine, unaweza kuamini kwamba takataka ndiyo siri. Kile kinachoachwa nyuma ni meza. Mara zote tatu walikuwa wamebaki watu wawili. Wakiwa wawili, kila mgao mmoja analipa pesa ndogo ya lazima na mwingine kubwa, kwa hivyo anayengoja karata nzuri anamalizwa polepole, na mpinzani ni mmoja tu, ambaye mara nyingi naye hana kitu. Malkia na saba za aina tofauti, dhidi ya karata zozote mbili za mtu mmoja, zinashinda zaidi kidogo ya nusu. Weka watu saba na kuna sita wa kukupita. Hadithi imesafiri kutoka Las Vegas hadi kwa simu ya jamaa yetu, lakini viti havikusafiri nayo.

Mimi hadithi za namna hii nazijua vizuri, kwa sababu tangu niache chuo nimepewa Bill Gates mara nyingi kuliko chai. Ati naye aliacha. Ni kweli, aliondoka Harvard 1975 (na huko alikuwa akicheza poka sana). Lakini babake alikuwa wakili Seattle, tayari alikuwa na mteja wa programu yake, na aliondoka kwa ruhusa, angetaka angerudi darasani. Wanaonipa mfano huo wananitakia mema, najua. Mimi niliondoka na salio la karo, na mteja wa kwanza nilimpata baada ya miezi saba.

Mashindano ya 1976 yalianza na watu 22. Kabla Brunson hajabaki na Alto peke yake, alikuwa amegawiwa karata kwa saa nyingi, na bila shaka kumi na mbili ilimpitia mkononi zaidi ya mara moja kwenye meza iliyojaa. Hizo alizozitupa hakuna anayezisimulia. Jumapili iliyopita jamaa yetu aliingia nazo kutoka kiti cha kwanza, watu sita wakiwa nyuma yake, na wa tatu akapandisha hadi 150.