Kuwasaidia Vijana Wadogo Wakue Katika Imani

Kila kanisa la mahali lina watoto wa ekodim, na karibu kila kanisa lina umoja wa vijana. Lakini tukiuliza, "Yule mvulana wa miaka 14 aliyetoka ekodim mwaka jana yuko wapi sasa?", mara nyingi hakuna anayejua. Haketi tena na watoto, kwa sababu anaona haya kuimba na kupiga makofi pamoja na wadogo zake. Haketi na vijana pia, kwa sababu huko amekuta watu wa miaka 25 na 30 wanaopanga michango ya arusi. Basi anasimama nje karibu na dirisha, na siku moja haji tena.

Makala hii inahusu wavulana na wasichana wa miaka 12 hadi 18. Tutawaita vijana wadogo. Tunawaandikia wachungaji, wazee wa kanisa, walimu wa ekodim, viongozi wa vijana na wazazi, kwa sababu kazi hii haiwezi kubebwa na mtu mmoja.

Milango miwili inayofungwa pamoja

Tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019, shule za msingi za umma katika nchi yetu zimetangazwa kuwa bila malipo, pamoja na zile ambazo makanisa yanasimamia kwa mapatano na serikali. Neema hiyo inaishia darasa la sita. Mtoto akifika miaka 12 au 13 na kuingia mwaka wa saba, wazazi wanaanza tena kutafuta pesa za shule, na wengi hawazipati. Ni umri ule ule ambao anatoka ekodim. Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kupoteza darasa lake na mahali pake kanisani katika mwaka mmoja.

Kuna milango mingine inayobaki wazi: machimbo, pombe, ndoa ya mapema, vikundi vyenye silaha. Vita vilivyofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025 vilifunga shule kwa muda na kutawanya jamaa nyingi, na vijana wadogo wengi walijikuta bila mtu mzima wa kuwaangalia. Wanaowaita hawangoji wakue. Mwenye shimo la dhahabu anajua jina la kijana yule. Mwenye bunduki analijua pia. Swali letu ni kama kanisa nalo linalijua.

Kwaya ni nzuri, lakini haitoshi

Katika makanisa yetu, tukisema "huduma ya vijana" wengi wanafikiri kwaya. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya kwaya. Imewaweka wengi kanisani na kuwafundisha utaratibu na kusikilizana. Lakini tumeona pia kwaya ikigawanyika kwa sababu ya sare au vyombo vya muziki, na waimbaji wakapotea pamoja nayo. Walijua nyimbo nyingi kwa moyo, lakini hakuna aliyewahi kukaa nao kuwauliza kama wanaomba wakiwa peke yao.

Mafundisho ya ubatizo yana shida ya namna hiyo. Kwa miezi kadhaa kijana anafuatwa kila juma. Akiisha kubatizwa, mafundisho yanakoma, kana kwamba amefika mwisho wa safari. Lakini mche hauachwi siku ulipopandwa.

Biblia inawajua vijana wadogo

Yusufu alikuwa na miaka 17 habari yake inapoanza (Mwanzo 37:2). Samweli alikuwa bado mtoto alipoitwa usiku, naye hakuitambua sauti ya Mungu mpaka mzee Eli alipomwonyesha namna ya kuitika (1 Samweli 3). Timotheo alipokea imani ambayo kwanza ilikaa ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Bwana Yesu mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Luka 2:46). Waalimu wale hawakumfukuza.

Tukumbuke pia Eutiko wa Troa (Matendo 20:7-12). Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, na kijana huyu aliyeketi dirishani akalala usingizi, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo aliacha mahubiri, akashuka chini, akamkumbatia, na kijana akawa hai. Sisi tunazoea kuwakemea wanaosinzia. Paulo alishuka. Baada ya hapo mkutano uliendelea mpaka alfajiri, na hakuna neno la Mungu lililopotea kwa sababu mhubiri alisimama kidogo kwa ajili ya kijana mmoja.

Mambo manne yanayowasaidia kukua

1. Mtu mzima anayemjua kwa jina. Kijana mdogo anahitaji mtu mmoja zaidi ya wazazi wake anayejua anapokaa, anasoma wapi, na kwa nini hakuja Jumapili. Mtu huyo si lazima awe msemaji hodari. Anaweza kuwa mama anayeuza unga sokoni au mwalimu wa shule. Inatosha apende vijana, aishi maisha ya kuonekana, na atunze siri. Mtu mmoja asipewe zaidi ya vijana 8 au 10, la sivyo atabaki na orodha tu.

2. Neno la Mungu pamoja na maswali. Hapa tunakiri kosa letu wenyewe. Katika mkutano mmoja msichana aliuliza: "Kama Mungu anasikia maombi, kwa nini hakusikia siku walipochoma kijiji chetu?" Tulimjibu haraka kwamba mkristo hapaswi kuwa na mashaka. Alinyamaza, na hatukumwona tena. Baadaye tulitambua kwamba swali lake limo ndani ya Biblia: Habakuki anauliza hivyo katika sura ya kwanza, na Zaburi 13 na 88 zinalia namna hiyo hiyo. Tungelifungua maandiko hayo na kulia pamoja naye. Kiongozi anaweza kusema, "Sijui, tutafute pamoja," bila kupoteza heshima yake. Kijana aliyezuiwa kuuliza kanisani atauliza barabarani, au katika telefone.

3. Kazi ya kweli. Paulo hakutaka mtu yeyote audharau ujana wa Timotheo (1 Timotheo 4:12). Tusiwape vijana wadogo kupanga viti peke yake. Wasome Maandiko mbele ya kanisa, wasaidie katika ekodim, wachotee wajane maji, wawatembelee wagonjwa pamoja na mashemasi, wahesabu matoleo pamoja na mzee. Aliyepewa kazi anajua kwamba asipokuja kuna pengo. Makundi kama Flambeau na Lumière yamewafundisha wengi kazi za mikono na kumtumikia jirani pamoja na Biblia. Palipo na kundi kama hilo, tulitie nguvu.

4. Nyumba inayosali. Kumbukumbu la Torati 6 inawapa wazazi kazi ya kusema na watoto juu ya maneno ya Mungu nyumbani na njiani, jioni na asubuhi. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kujaza mahali pa juma zima. Kanisa liwasaidie wazazi: kila juma kiongozi amtume kijana nyumbani na andiko moja fupi la kusoma pamoja kabla ya kulala. Kwa wale walioachwa bila wazazi, kanisa litafute nyumba moja ambamo wataketi mezani na kusali kama watoto wa humo.

Mkutano wa Jumamosi bila pesa nyingi

Makanisa mengine yanasema, "Hatuna njia." Lakini mkutano mzuri unaweza kufanyika chini ya mti wa avoka, ukiwa na Biblia tatu na mpira mmoja. Utaratibu huu wa saa moja na nusu unaweza kusaidia:

– Dakika 15: salamu, wimbo, na kuuliza habari za wasiokuja.
– Dakika 15: mchezo.
– Dakika 35: kusoma andiko moja katika vikundi vidogo, wa miaka 12 hadi 14 upande wao na wa miaka 15 hadi 18 upande wao. Waulizane: andiko linasema nini juu ya Mungu? Linagusa nini katika juma letu? Tutafanya nini?
– Dakika 15: maswali kutoka sandukuni. Kila mtu anaweza kuandika swali bila jina na kulitia katika sanduku lililofungwa.
– Dakika 10: maombi, wawili wawili.

Saa ichaguliwe pamoja nao. Wasichana wengi wana kazi ya maji, ya jikoni na ya soko. Mkutano wa saa nane unaweza kuwafaa wavulana na kuwafungia wasichana. Mkutano uishe mapema ili kila mmoja afike nyumbani kabla ya giza, na wazazi wajue saa ya kurudi.

Kuwalinda

Sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo wote tunaowazungumzia hapa ambao hawajafika umri huo ni watoto, hata kama wamekuwa warefu kutupita. Kila mkutano uwe na viongozi wawili angalau, mwanaume na mwanamke. Kiongozi asikae na kijana peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, wala asimwandikie maneno ya siri usiku.

Mtoto akitendewa jeuri ya mwili, mambo hayo yasimalizwe kwa mbuzi na kupatana kwa jamaa, hata kama aliyetenda ni mtu wa kanisa. Apelekwe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinahitaji kuanza ndani ya muda huo. Hata muda huo ukiisha kupita, bado apelekwe. Panzi huko Bukavu na HEAL Africa huko Goma ni hospitali zenye uzoefu wa kuwatunza waliotendewa hivyo. Kijana anayeona kanisa likimficha mkosaji hatasikiliza tena mahubiri yetu juu ya upendo wa Mungu.

Tuanzie wapi?

Tunapendekeza jambo moja kwa mwezi huu. Mchungaji, mwalimu wa ekodim na kiongozi wa vijana waketi pamoja na daftari. Waandike jina la kila kijana wa miaka 12 hadi 18 wanayemkumbuka, pamoja na wale ambao hawaji tena. Kando ya kila jina waandike jina la mtu mzima mmoja atakayemtembelea. Palipo wazi, waombe na kutafuta mpaka pajazwe.

Bwana aliyemwita Samweli kwa jina lake atusaidie tujue majina ya watoto wake, na atupe miguu ya kushuka kuwafuata mahali walipo. Amina.