Kutoka 'kipilefti' hadi 'starboard': Kiingereza cha kuelekezana barabarani na ziwani

MUSOMA. "Nyoosha mbele, ukifika kipilefti kata kona kulia." Dereva bodaboda wa Musoma, Bunda au Butiama akiambiwa hivyo hahitaji mkalimani. Lakini kwenye sentensi hiyo fupi kuna maneno mawili yaliyotoka Kiingereza: kipilefti na kona.

Yapo mengine mengi, ya zamani na ya sasa. Kujua maana yake si mambo ya darasani tu, kwa sababu kuna wakati kuelekezana vibaya kunagharimu maisha.

Amri iliyogeuka jina

Kipilefti limetokana na "keep left", yaani "kaa kushoto". Tanzania magari hupita upande wa kushoto, hivyo anayeingia kwenye mzunguko lazima aanzie huko. Amri ikawa jina la mahali penyewe. Kwa kuwa neno linaanza na "ki", Waswahili wakalipa na wingi wake: kipilefti kimoja, vipilefti viwili.

Kona ni "corner", na rivasi ni "reverse", kurudi nyuma.

Kushoto kwa nani?

Shida inaanza ziwani. Mitumbwi miwili ikitazamana usiku, kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Mvuvi wa dagaa akipiga simu kuomba msaada na kusema "niko kushoto kwenu", anaweza kutafutwa upande usio wake.

Ndiyo maana mabaharia wanaotumia Kiingereza wana maneno yao: "port" ni ubavu wa kushoto wa chombo ukitazama omo, yaani mbele, na "starboard" ni ubavu wa kulia. Hata ukigeuka ukatazama tezi, nyuma ya chombo, pande hizo hazibadiliki.

"Starboard" maana yake ya asili ni upande wa usukani. Zamani kasia la kuongozea lilifungwa ubavu wa kulia. Kushoto kuliitwa "larboard", ila kwenye upepo na kelele maneno hayo mawili yalichanganywa. Mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza likaagiza litumike "port".

Usiku kuna taa: nyekundu kushoto, kijani kulia. Ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, chombo hicho kinakuja kwako.

Mabaharia wa pwani nao hawakukosa maneno. Upande unakotoka upepo huita joshini, na ule unakoelekea huita demanini.

Yaliyozeeka

Kiingereza cha kale kilitenganisha "here" (hapa nilipo) na "hither" (kuja huku). Vivyo hivyo "there" na "thither", "where" na "whither". Leo "hither" na wenzake wamebaki zaidi kwenye vitabu vya zamani. Kiswahili bado kina utajiri wake: hapa ni mahali mahsusi, huku ni upande kwa ujumla, na humu ni ndani.

Jua na upepo

Wanaoanza chuo wanalijua neno "orientation". Asili yake ni neno la Kilatini la jua linalochomoza, yaani mashariki. Kujielekeza kulikuwa kujua jua linatokea wapi.

Kiswahili kimechukua mashariki na magharibi kutoka Kiarabu, na yote mawili yanafuata jua. Kaskazini na kusini yametokana na pepo za Bahari ya Hindi, kaskazi na kusi. Kwa hiyo hata mtu wa Musoma, mbali kabisa na bahari hiyo, anatumia pepo zake kila anaposema Mwanza iko kusini kwake.

Ukimwelekeza mtu kwa simu

- Taja kwanza anakotokea: "ukitokea Bunda", kisha kulia au kushoto.
- Ongeza alama isiyohama, kama shule, kilima au mwalo. Gari lililoegeshwa si alama.
- Ukiwa ziwani, taja dira: "tuko magharibi ya kisiwa". Musoma iko ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, na jua la jioni litakuonyesha magharibi.
- Kama simu ina intaneti, tuma lokesheni. Chaji ikikaribia kuisha, sema upande kwanza, mengine baadaye.