Kutoka Shamba la Mkonge Mpaka Ndani ya Sikio

Wandugu wa promosheni zote, sisi wa agronomia tunapenda kufuata mmea mpaka mwisho wake. Kinkina ya Kivu tunajua inaenda Bukavu, kwa Pharmakina, kutoa kwinini. Leo tufuate mkonge, wengine wanaita sizali. Safari yake inafika mahali wengi wetu hatukuwaza: dawa ya sikio.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo ilifika hai. Kutoka hiyo 62 kukazaliwa mashamba makubwa ya Tanga. Wenye mashamba walitaka nyuzi za kamba, na nyuzi ni kama 4 kwa mia ya uzito wa jani. Zingine zote zilikuwa takataka.

Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench alimpa mgonjwa wa viungo dawa mpya, kortizoni. Mgonjwa ambaye kutembea kulimshinda akatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Nobel. Lakini dawa ilitoka kwenye nyongo ya ng'ombe, kazi ndefu sana na bei kali. Mwaka 1951 wakemia Callow, Cornforth na Spensley wakaonyesha kama takataka za mkonge wa Afrika Mashariki zinaweza kutoa hekojenini, kitu cha kuanzia kutengeneza kortizoni. Kampuni Glaxo ya Uingereza ikaifanya kazi hiyo kiwandani. Takataka zetu zikawa dawa ya watu wa mbali.

Ukoo wa kortizoni ukakua, na mwaka 1958 deksametazoni ikapatikana. Mwaka 1991 Mjapani Itoh na mwenzake wakaandika juu ya kudunga dawa za ukoo huu moja kwa moja sikioni, kwa wagonjwa wa kizunguzungu cha Ménière. Kisha waganga wakaijaribu kwa wale wanaopoteza kusikia gafula. Ngoma ya sikio inatiwa ganzi, sindano nyembamba inapita, dawa inajaa nyuma yake na kupenya polepole mpaka sikio la ndani. Damu inapata kidogo tu, na hiyo inasaidia mtu wa kisukari. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 250 ulionyesha kama sindano haizidiwi na vidonge.

Si kila mtu anapona. Wengine wanapona bila dawa, wengine hawaponi hata nayo. Lakini siku ndizo zinaamua: matibabu yanafaa kuanza ndani ya wiki mbili za kwanza, na sindano inaweza bado kujaribiwa mpaka kama wiki ya sita.

Hapo ndipo Rutshuru inaumia. Mtu anaamka sikio moja limekufa, wanamwambia ni baridi, ni uchafu, tia mafuta ya moto. Goma iko kilometa kama 70, lakini vita vinaweza kuifanya njia hiyo kuwa mwezi mzima. Deksametazoni yenyewe si dawa ya ajabu, iko kwenye orodha ya dawa za lazima za OMS. Kinachopotea ni siku.

Basi, mwenye kazi kijijini aeleze watu: sikio likizima gafula bila maumivu, usingoje. Nenda kituo cha afya siku ile ile.